Besi Ilivyopanda Nyanda za Juu: Kutoka Kibanda Umiza Hadi Chumba cha Sinema Nyumbani

Huku Mbeya na Iringa watu wanaiongelea besi kana kwamba ilikuwepo tangu enzi za Mtwa Mkwawa. Ukipita Mwanjelwa Jumamosi jioni, au Mlandege, kifua ndicho kinachokwambia duka la vifaa vya muziki liko wapi, macho yanafuata baadaye. Mtoto wa darasa la tatu anajua sabufa ni nini na anaweza kukuunganishia kwa Bluetooth. Bibi yake, alipokuwa na umri huo, besi aliisikia kwenye ngoma tu. Ndani ya nyumba haikuwepo.

Sasa mambo yamepanda daraja. Kuna watu wanajenga Gangilonga, Forest, Uyole, na kwenye ramani wanaacha chumba kizima kwa ajili ya sinema ya nyumbani: projekta, makochi ya kulalia, spika kila pembe. Hela inayoingia humo si ya kitoto, na wapo wanaochukua mkopo wa kazini ili kuikamilisha. Halafu siku ya uzinduzi vikombe vinatetemeka kabatini, wageni wanashangilia, na dakika kumi baadaye mtu anauliza, "Jamani, huyo kasema nini?" Chumba cha mamilioni, lakini filamu inaangaliwa kwa kusoma maandishi chini.

Kosa hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea huku huku.

Redio ya kiganja

Kwa miaka mingi sauti ya nyumbani ilikuwa ni redio. National au Philips, betri zinaanikwa juani zikikaribia kufa, na Redio Tanzania Dar es Salaam inakuja na kupotea kufuatana na mawingu. Spika ya redio hiyo ilikuwa na upana wa kiganja. Koni ndogo kiasi hicho haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, hata ungeibembeleza vipi.

Waya mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, unatikisika mara 41 kwa sekunde. Redio ya kiganja inaanza kujitahidi kwenye mara 150 au 200 hivi. Kilicho chini ya hapo kinaishia njiani. Msikilizaji anachopata ni mwangwi wa juu wa noti ile, na ubongo wake, kwa huruma, unamjazia sehemu iliyobaki.

Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa, Tancut Almasi Orchestra, iliyokuwa chini ya kiwanda cha kukata almasi. Ilikuwa na waimbaji mapacha kutoka Kongo, magitaa yanayojibizana, na besi inayotembea chini yake kama mtu anayejua anakokwenda. Aliyekwenda dansini aliisikia besi hiyo kwa miguu. Aliyekuwa Makete au Rungwe na redio yake alisikia waimbaji na magitaa. Wimbo mmoja, na kila mmoja akaondoka na wake.

Lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kitu kimoja redio ile ilikiweza vizuri sana: maneno. Taarifa ya habari, mchezo wa redio, mashairi, salamu za wagonjwa, mpira wa Sokoine, vyote vilifika. Na kwa kweli Iringa ilikuwa na spika ya maneno kabla hata ya umeme. Gangilonga, kwa Kihehe, ni jiwe linaloongea. Jiwe lile halikusifika kwa mtikisiko, lilisifika kwa kusema.

Wenzetu walikokuwa wanatikisika

Mwaka 1974 Universal ya Marekani ilitoa filamu ya tetemeko la ardhi, *Earthquake*, ikaja na mfumo ulioitwa Sensurround: maboksi makubwa ya besi yakaingizwa kwenye majumba ya sinema ili watazamaji watikisike na viti vyao. Mwaka 1977 *Star Wars* ikafuata, na Dolby wakatumia njia za sauti za akiba kwenye filamu ya milimita 70 kubebea mishindo ya chini. Mwaka 1992 *Batman Returns* ikatoka na sauti ya kidijitali ya Dolby, ile inayoandikwa 5.1 kwenye kila boksi la spika siku hizi. Tano ni spika kamili: kushoto, kulia, ya katikati, na mbili za pembeni. Hiyo nukta moja ni njia ya pekee ya mishindo, kazi ya sabufa.

Katika zile tano, spika ya katikati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu. Hilo litarudi baadaye.

Tanzania wakati huo? Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Bara ilisubiri mpaka 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza kurusha. Kwa hiyo kulikuwa na miaka zaidi ya ishirini ambapo mtu wa Mbeya hakuwa na kituo cha nyumbani cha kuangalia, wakati ng'ambo ya Tunduma Zambia walishaanza kurusha tangu 1961.

Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, deki za video zikaanza kuingia. Mji kama Mbeya, uliokaa kwenye reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia, haukukaa nyuma. Deki moja, TV moja, mkanda mmoja wa *Commando*, na mtu ana biashara.

Mabanzi na mabati

Kibanda umiza hakihitaji maelezo kwa waliopita humo, lakini kuna kizazi kimezaliwa na simu mkononi. Ilikuwa hivi: kuta za mabanzi, yale magamba ya gogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, ambayo huku kwenye misitu ya misonobari hayakuwa ghali. Juu mabati. Ndani mabenchi yasiyo na mgongo, vumbi, jasho, na mwenye banda mlangoni akikusanya shilingi. Jina lilitokana na ukweli: ukikaa saa tatu, unaumia.

Mwanzoni sauti ilitoka kwenye spika ya TV yenyewe. Mkanda wa VHS ulionakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, ukipigwa kwenye TV ya inchi 21, ulitoa bomu lenye kishindo cha mlango kufungwa. Rambo alikuwa analipua kambi nzima, na benchi la nyuma linasikia "tap".

Kilichojaza banda kilikuwa kitu kingine: mtafsiri. Kuna wale waliotafsiri wakiwa wamesimama pale pale na kipaza sauti, halafu wakaja wale ambao sauti zao ziliingizwa kwenye mikanda na baadaye kwenye diski, zikasambaa nchi nzima. Dar es Salaam ilimtoa Lufufu, jina ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye mabanda analijua. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Kazi haikuwa kutafsiri neno kwa neno. Mtafsiri alimpa adui jina la mtaani, alikwambia yule jamaa mwenye shati jekundu anadanganya kabla hujajua, alichomekea utani wa pilau katikati ya vita vya Vietnam. Mama aliyekuwa hajui hata "good morning" alitoka bandani akiisimulia filamu kuliko aliyeitengeneza.

Mtu anayesema watu walijaa vibandani kwa ajili ya mabomu hajakaa kwenye benchi lile. Mabomu yalikuwa yale yale kila banda. Watu walichagua banda kwa sauti ya anayeongea.

Sabufa inaingia

Kisha ikaja VCD, halafu DVD, na pamoja nazo maboksi meusi kutoka China yenye taa za bluu. Neno lenyewe likabadilika maana likiwa njiani. Kwa Kiingereza ni spika moja tu ya sauti nzito. Tanzania sabufa ni seti nzima: boksi la besi na vispika vyake viwili, vitatu au vinne, redio, sehemu ya flashi, na rimoti. Mtu anasema "nimenunua sabufa" na hakuna anayeuliza spika nyingine ziko wapi.

Wenye mabanda walikuwa wa kwanza kuelewa thamani yake. Spika moja ikatolewa nje, ikaelekezwa barabarani, na banda likawa linajitangaza lenyewe. Ushindani ukaanza. Banda lenye besi ndogo likaonekana la kishamba. Hapo ndipo mtafsiri alipoanza kumezwa.

Sababu ni rahisi. VCD ina njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Haina ile nukta moja ya mishindo, wala haina njia ya katikati ya mazungumzo. Sauti ya mtafsiri, muziki na bomu vyote vimelala humo humo pamoja. Sabufa haijui kutenganisha. Inachuja chochote kizito na kukikuza. Mtafsiri mwenye kifua kizito, na wengi walikuwa nacho, nusu ya sauti yake inaingia kwenye boksi la besi na kutoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Boksi limeandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu, ndani inaingia sauti ya njia mbili, na kila mtu ameridhika kwa sababu kifua kinatetemeka.

Maandishi ya dhahabu yalikuja na uongo mwingine: wati. Sabufa inayobebwa kwa mkono mmoja imeandikwa PMPO 15000W. Geuza boksi, soma kale kakibandiko ka nyuma kanakoonyesha umeme linaokula. Ukikuta wati 60, basi hakuna muujiza wowote duniani utakaolifanya litoe 15000. Kipimo cha kuangalia kinaitwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila kuumia. PMPO ni namba ya kuuzia.

Umeme nao ulikuwa na la kwake. Mto Ruaha Mkuu unapata maji yake mengi kutoka Nyanda hizi hizi, unakwenda kujaza Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye 204, na mvua ikigoma nchi inaingia mgawo, kama 2006 na 2011. Mwenye banda akawasha jenereta ndogo. Ukigonga besi kubwa kwenye jenereta ndogo, picha inapepesuka kila bomu linapolipuka. Wengine waliona ni sehemu ya filamu.

Mpira ukaongeza moto. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu na wakamaliza nafasi ya tatu kwa mara ya kwanza tu, na vibanda vya Mbeya vilikuwa havitoshi. Kelele za uwanjani zilipitishwa kwenye sabufa mpaka mtangazaji akapotea kabisa. Anayejua mpira hakuhitaji kuambiwa. Wengine waliuliza jirani nani kafunga.

Watoto wa benchi wamekuwa na nyumba

Wanaojenga vyumba vya sinema leo Mbeya na Iringa ni, kwa sehemu kubwa, watoto wa mabenchi yale. Wanapoingia dukani wanatafuta kile kilichowapiga kifuani wakiwa na miaka kumi. Inaeleweka. Tatizo ni kwamba wanakumbuka besi na kusahau banda.

Banda la mabanzi, kwa bahati tu, lilikuwa chumba kizuri cha besi. Kuta nyembamba zenye nyufa na bati linalopumua haziwezi kuzuia sauti nzito. Inapita na kwenda zake. Jirani anateseka, lakini ndani besi haijikusanyi. Ukuta wa tofali za kuchoma, uliopigwa plasta na kupakwa rangi, unafanya kinyume. Besi inagonga, inarudi, inagonga upande wa pili, inarudi tena. Sabufa ile ile iliyosikika safi bandani, ndani ya tofali inakuwa uji.

Hesabu yake haina uchawi. Sauti inakwenda mita kama 340 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina noti yake kinayoipenda: wimbi lenye urefu wa mita 8, mara 43 hivi kwa sekunde. Karibu kabisa na ule waya mnene wa gitaa la besi. Noti hiyo ikipigwa, chumba kinaishika na hakiachii. Aliyekaa na kisogo ukutani inamvimbia masikioni, na aliyekaa katikati kabisa ya chumba karibu haisikii. Watu wawili kwenye kochi tofauti wanabishana kama besi ipo, na wote wanasema kweli. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, ni kibaya zaidi kwa sababu pande zote mbili zinang'ang'ania noti moja. Kama ramani bado iko kwenye karatasi, mwambie fundi aiguse hapo.

Trei za mayai hazisaidii. Zimebandikwa kwenye studio nyingi za Bongo Fleva na zinapendeza kwenye video, lakini wimbi la mita 8 halijui kwamba kuna trei ya sentimita tano ukutani. Huku kwenye baridi dawa nusu iko ndani ya nyumba tayari: zulia zito, mapazia mazito, makochi manene, blanketi. Hivyo vinatuliza sauti za juu na kufanya maneno yasikike. Besi yenyewe inatulizwa kwa kuipanga mahali pake.

Njia ya kuipanga ni ya kizamani na inachekesha. Sabufa inawekwa pale kwenye kochi, mahali pa mtazamaji mkuu. Unapigwa wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha mwenye nyumba anatambaa kwa magoti kando ya kuta, anasikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika sawasawa, hakuna inayovimba wala kutoweka, ndipo sabufa itakaa. Mara nyingi si ile kona ambayo kila mtu anaiweka. Kona inazidisha kila kitu, pamoja na ubaya. Na mwenye hela ya sabufa moja kubwa afikirie mbili za wastani, moja katikati ya ukuta huu na nyingine katikati ya ukuta wa mbele yake. Zinafuta ubishi wa yale makochi mawili.

Boksi lenyewe linaweza kutengenezwa huku huku. Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, liko Mufindi, na plaiwudi ya Mafinga inafika Iringa mjini kwa safari fupi. Fundi anayejua kazi atauliza namba za spika kabla ya kukata boksi, kwa sababu tangu Neville Thiele na Richard Small walipoweka hesabu zake sawa kati ya miaka ya 1960 na 1970, ukubwa wa boksi na upana wa tundu haukisiwi. Fundi anayekata kwa macho atakupa boksi zuri la kuwekea mahindi.

Lakini hayo yote ni ya pili. Hela ya kwanza iende kwenye spika ya katikati na zile mbili za mbele. Tatu nzuri na sabufa moja ya kawaida zinashinda seti ya spika saba dhaifu zenye boksi la kutisha, kila siku ya wiki. Ya katikati ikae chini au juu ya skrini ikielekezwa kwenye masikio ya aliyekaa, isifungiwe kabatini kama sahani za wageni. Sabufa ipewe kazi ya chini ya mara 80 kwa sekunde tu. Kiwango hicho kilienezwa na THX, na chini yake sikio halitambui kirahisi sauti inatokea upande gani. Kazi yote ya juu ya hapo, pamoja na kifua cha mtafsiri, ibaki kwa spika za mbele.

Jirani naye ana haki yake. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zinataja mitetemo kwa jina. Besi inapita ukutani kirahisi kuliko maneno, kwa hiyo jirani anapata "dum, dum" bila hata kujua nani kafa kwenye filamu. Sabufa iinuliwe kidogo kutoka sakafuni kwa mpira mzito au godoro la zamani lililokatwa. Na dari la jipsamu likaguliwe skrubu kabla ya filamu ya kwanza, maana litaimba.

Siku ya kwenda dukani, muuzaji ataweka singeli na kufungua sauti mpaka vioo vya kaunta vicheze. Ndiyo kazi yake. Mpe flashi yenye taarifa ya habari, au filamu moja iliyotafsiriwa, sehemu ile mvua inanyesha, risasi zinalia na mtafsiri anaongea kwa haraka. Simama mita tatu nyuma, funga macho, sikiliza kama kila neno linafika. Atakuangalia kama umechanganyikiwa. Mwambie aongeze kidogo.